Nipa ya mabibo kuwa petroli?

Kaka, umeuliza kama mvuke wa nipa (pombe kali ya kienyeji) ya mabibo ukipitishwa kwenye mchanga wa Ruvuma wa moto itatoka petroli. Haitoki. Mchanga ni silika kweli, ila punje zake ngumu, hazina vitundu. Inatakiwa silika yenye vinyweleo iliyochanganywa na alumini, maana silika tupu haina asidi ya kutosha kung'oa maji kwenye ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye nipa. Mfano wake ni zeolaiti ZSM-5, ina vitundu vya kama nanomita 0.55, mvuke ukipita humo kwenye nyuzi 350 hadi 400 za Selsiasi, unapata gesi ya ethilini kwanza, kisha inaungana kuwa petroli. Ila kilo 46 za ethanoli safi zinaacha kilo 18 za maji (na nipa ya Newala siyo safi hivyo!). Halafu masizi huziba vitundu, inabidi uyachome mara kwa mara.