Chuo kimoja, nafasi tatu tofauti

Ndugu yangu, umeandika kuwa binti yako aliyemaliza kidato cha sita hapa Chake Chake amekubaliwa na vyuo vikuu viwili vya umma, na kwamba orodha moja ya vyuo bora inakitanguliza hiki huku nyengine ikikitanguliza kile, hata hujui uamini ipi. Mimi niliwahi kumchagulia mpwa wangu chuo kwa orodha, na nilikosea.

Nilifuata orodha ya Webometrics, ambayo ndiyo niliyoiona ikitajwa sana. Sikujua kwamba orodha hiyo, inayotolewa na watafiti wa Hispania tangu 2004, huangalia zaidi jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti: ni tovuti ngapi za nje zinazokirejelea, na machapisho ya watu wake yananukuliwa kwa kiasi gani. Mpwa wangu alikwenda kusomea kemia katika chuo kilichokuwa juu, akakuta darasa zima likigombea vifaa vichache vya maabara.

Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, ina mizani nyengine kabisa: asilimia 30 ya alama hutokana na Tuzo za Nobel na Nishani za Fields (za hisabati) walizopata wahitimu na wahadhiri, na asilimia 20 kwa makala zilizotoka katika majarida ya Nature na Science. Chuo kinachoandaa walimu wa skuli zetu, hata kifundishe vizuri namna gani, alama hizo kitazipata wapi? Orodha ya QS ya Uingereza nayo hutegemea sana maoni ya wanataaluma wanaoulizwa, ambayo kwa miaka mingi yalibeba asilimia 40 na sasa yanabeba 30. Hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961, huingia na jina lililokwisha kuenea. SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya 1999, bado kinalijenga lake. Pengo hilo ni la umri na utafiti, wala halikuambii nani anafundisha vizuri zaidi mwaka wa kwanza.

Ilipofika zamu ya mdogo wake mpwa wangu, niliziweka orodha kando. Nilihakikisha kuwa programu yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kisha nikawatafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu, nikawauliza wanaingia maabara mara ngapi kwa wiki, mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi, na matokeo hutoka baada ya muda gani. Majibu yao yalitofautiana baina ya idara mbili za chuo kimoja.

Hukutaja kozi anayoitaka binti yako. Itaje, kwani mimi ningeanzia hapo.