Mrehani usiukatie harufu tu, uukatie na chungu

Swali la wiki: ni mmea gani wa jikoni unaostawi kwenye kibaraza cha fleti, nawe unaupikia nini?

Mrehani. Sisi wa pwani tunautia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini, ukishanukia basi, jikoni hauingii. Hilo linanisikitisha, kwa sababu hauna makuu: ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, jua la nusu siku, maji asubuhi shinani.

Siri yake ni kisu. Ukifika kimo cha shibiri, kata ncha juu kidogo ya jozi ya majani. Tazama kwenye makwapa ya majani hayo: kuna vichipukizi viwili vidogo, na vyote viwili vitakuwa matawi. Usiponyoosha mkono, mmea unakimbilia maua, nguvu zote zinakwenda kwenye mbegu, na majani yanakuwa madogo na machungu. Kitumba kikijitokeza tu, kikate siku hiyohiyo. Kitawi cha majani ulichokata kitie kwenye glasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili kitatoa mizizi, umpe jirani.

Kwenye mapishi, moto ndio adui, maana harufu yake hupaa na mvuke. Mchuzi wa nyanya uepue kwanza, ndipo uchane majani kwa mkono na kufunika kidogo. Friji nayo huyafanya meusi. Yaache mezani kwenye maji.

Wanaojua kuutendea haki ni watu wa Genoa, Italia. Kwenye kinu cha marmari, kwa mchi wa mti, wanatwanga majani machanga na kitunguu saumu, chumvi ya mawe, mbegu za msonobari, jibini na mafuta ya zeituni: ndiyo pesto. Mbegu hizo kwetu ni ghali, lakini korosho zinafaa kabisa. Anza na saumu na chumvi, fuatisha korosho, kisha majani kidogo kidogo, ukizungusha mchi badala ya kuponda. Jibini na mafuta viingie mwisho. Wao huila na tambi. Mimi naipaka juu ya samaki changu wa kuchoma, akiwa bado wa moto, na muhogo pembeni.

Mwenye kivumbasha tu nyumbani, yule ndugu wa mrehani, asikitumie kwa pishi hili. Harufu yake ni kali mno, kitamzima samaki. Hicho kiacheni kifukuze mbu.