Kwa nini chupa ya kwanza huita ya pili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kaka yako akishaonja chupa moja hanyanyuki mezani mpaka baa ifungwe, na kama wazee wenu wana haki ya kusema kwamba hana msimamo. Nilikunywa hivyohivyo kwa miaka kumi na moja, na msimamo nilikuwa nao katika mambo mengine yote.

Ubongo wa binadamu hujitengenezea kemikali zinazofanya kazi kama afyuni. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, waliokuwa Aberdeen, Uskoti, walitangaza kuzigundua za kwanza, enkefalini, na baadaye zikafuata endofini. Pombe ikiingia mwilini, kemikali hizo humwagika na kunasa kwenye vipokezi (milango ya seli inayopokea kemikali) vilevile vinavyonasa mofini, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni, na sehemu kubwa ya utamu wa glasi ya kwanza hutoka hapo. Kisha kemikali hizo huzinyamazisha seli zinazoibana dopamini, kemikali ya ubongo ya kutamani na kujifunza, dopamini ikaachiwa kwa wingi, na ubongo ukajifunza kwamba jambo hili lirudiwe. Tena watu hatulingani: Christina Gianoulakis wa Montreal alionyesha kwamba watu waliotoka katika familia zenye ulevi mwingi hupandisha endofini kuliko wengine kwa pombe ileile. Marehemu baba yangu alikuwa mnywaji, na babu pia, kwa hiyo niliposikia hayo kwa daktari nililia mbele yake.

Daktari huyo alinipima ini kwanza, kisha akaniandikia naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, dawa ambayo huviziba vipokezi hivyo. Mwaka 1992 Joseph Volpicelli na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa wanajeshi wastaafu 70 huko Philadelphia. Katika wiki 12, waliorudia ulevi walikuwa asilimia 23 kwa waliopewa dawa na asilimia 54 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Marekani iliiruhusu kwa ajili ya pombe mwaka 1994.

Wiki ya kwanza haijaisha, nilikaa meza yangu ya siku zote. Bia ilikuwa na uchungu wake uleule, na kichwa kilianza kuwa chepesi kama kawaida, kwa sababu dawa hii haizuii kulewa. Kilichokosekana ni ule moto wa kifuani unaokuamrisha uagize nyingine. Chupa ya pili ilipoteza ubaridi mbele yangu, jasho lake likalowanisha karatasi ya nembo mpaka ikabanduka, nami nilikuwa nazungumza habari za ada ya shule ya binti yangu. Mhudumu alipouliza kama aiondoe, ilikuwa bado nusu.

Sikudanganyi kwamba humfaa kila mtu, kwani mwenzangu tuliyeanza naye haikumsaidia. Kaka yako asiimeze kabisa ikiwa anatumia tramadoli, kodeini au dawa nyingine za jamii ya afyuni, kwa kuwa itamtupa ghafla katika arosto kali, yaani mateso ya mwili ulionyimwa dawa uliyoizoea. Vilevile msimkatishe pombe ghafla kabla hajaonwa na daktari, maana mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Mwangalie asubuhi kabla hajanywa, anaposhika kikombe cha chai: ikiwa mikono inatetemeka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na daktari aelezwe kiasi anachokunywa bila kupunguza hata chupa moja.