Maswali yenu ya vitabu: kutoka nchi ya angani mpaka maisha ya mtu

Habari zenu wasomaji. Safari hii maswali yamekuja mengi, ya hapa hapa Arua, ya Busia, Kasese, Bombo mpaka Kampala, na karibu yote yanazunguka jambo moja, yaani mtu amezoea vitabu vya aina moja na anataka kuhamia nyingine lakini hajui apitie wapi. Nayajibu moja moja. Kuna maswali nimekaa nayo sana na kuna mengine jibu lake ni fupi tu.

Arua: Mi ni kijana wa boda, napenda sana sinema za mambo ya anga na maroboti ila kitabu cha namna hio sijawahi kushika. Rafiki yangu anasema hizo ni hadithi za wazungu, kwa Kiswahili hakuna. Ni kweli?

Apana, mwambie rafiki yako nimekataa. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Ndani yake kuna kijana anaitwa Karama, ameshtakiwa kwa sababu anataka kufundisha watu mambo ya sheria, basi anasimama mbele ya mfalme anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja akarudi na habari nzuri za jinsi watu wengine wanavyoishi na kila mmoja akatupwa jela. Roboti hamna humo, na mwalimu wa fasihi hawezi kukiita kitabu cha sayansi, lakini kile kinachokuvuta kwenye sinema zako kimo chote, dunia ngeni yenye sheria zake na mtu mmoja anayeuliza kwa nini iwe hivo. Ukikisoma ukumbuke kilitoka wakati Tanganyika iko chini ya Mwingereza, hapo ndo utaona ile nchi ya angani haiko mbali.

Ukimaliza hicho ndo uende kwa hadithi za kisayansi zenyewe, wanazoita sai-fai. Na huko nako usitishike ukadhani ni kazi ya watu waliosomea mahesabu. Kitabu ambacho wengi wanakihesabu kuwa cha mwanzo, Frankenstein, kiliandikwa na msichana, Mary Shelley, alianza kukiandika akiwa na miaka 18 tu. Ilikuwa 1816, yuko Uswisi na wenzake, mvua na baridi haziishi kwa sababu mwaka mmoja nyuma volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka ikafunika anga kwa majivu, wakafungiwa ndani wakaanza kushindana nani atatunga hadithi ya kutisha zaidi. Kikachapishwa 1818. Yaani ni watu wamekaa ndani usiku wanapigiana hadithi, kitu ambacho bibi zetu wamefanya miaka yote kando ya moto.

Na kwetu wapo. Dilman Dila ni Mganda, mwaka 2014 alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi zenye viumbe wa sayari nyingine na mambo ya kichawi pamoja, zinatokea huku huku kwetu. Halafu kuna Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, riwaya yake fupi ya 2015 inaitwa Binti, ni msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia anayetoroka kwao kwenda kusoma chuo kwenye sayari nyingine, na amejipaka ule udongo mwekundu wao mwilini. Hizi mbili ni za Kiingereza, ila Binti ni kitabu chembamba unakimaliza wikendi. Nilikikopesha kijana mmoja wa steji ya mbele ya duka langu, nikamwona amekalia pikipiki yake, helmeti imening'inia kwenye kioo, abiria anamwita mara ya kwanza, mara ya pili, yeye hasikii, mpaka mwenzake akampiga bega. Wewe anza na Kusadikika.

Busia: Mtoto wangu ana miaka 13, anasoma katuni tu na magazeti ya mpira. Nimnyang'anye?

Usimnyang'anye mama, huyo tayari anasoma. Wewe mtafutie kitabu kilicho jirani na anachopenda. Anayependa mpira mpe maisha ya mchezaji, akishazoea kusoma maisha ya mtu mpe ya Phiona Mutesi, yule msichana wa Katwe aliyejifunza chesi akatoka nayo mpaka mashindano ya dunia, kitabu chake kilitoka 2012. Na katuni muachie, akirudi kwazo jioni hakuna kilichoharibika.

Kasese: Napenda vitabu vya watu wanaosimulia maisha yao lakini nawaza, huyu mtu anakumbukaje maneno aliyoambiwa na mamake miaka 40 iliyopita? Si anatudanganya? Na kuna tofauti gani kati ya wasifu na tawasifu?

Tofauti kwanza maana hio ni rahisi. Wasifu unaandika maisha ya mtu mwingine, tawasifu unaandika yako mwenyewe. Shaaban Robert yule yule alifanya zote mbili, aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba kwenye familia ya wafinyanzi akafika kurekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928, na aliandika yake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Wewe unayependa aina hii nakuomba usome hivi viwili kwa kufuatana, utaona mtu huyo huyo sauti yake inavyobadilika akitoka kwa mwingine akija kwake. Kwenye maisha yake mwenyewe ameweka na tenzi alizowatungia watoto wake, ya binti na ya mwana, ni baba anaongea na wanawe na sisi wengine tunasikiliza tu.

Sasa hilo la kudanganya. Mi nasema hakuna anayekumbuka maneno ya mamake neno kwa neno, na mwandishi anajua kwamba wewe unajua. Anachokuahidi ni kwamba jambo lilitokea na ndivyo alivyolibeba moyoni. Kusahau tunamsamehe, ila akitunga tukio zima ambalo halikuwepo hapo amevunja ahadi, bora angekiita riwaya tu na hakuna ambaye angemlaumu.

Njia ninayoitumia ni kusoma vitabu viwili vya miaka ile ile kutoka kwa watu waliosimama sehemu tofauti. Chukua miaka ya Amin. Henry Kyemba alikuwa waziri wake wa afya, alikimbia 1977 na mwaka huo huo akatoa A State of Blood, ni mtu aliyekuwa ndani ya nyumba anasimulia yaliyokuwa yanafanyika vyumbani. Halafu chukua Mahmood Mamdani, alikuwa kati ya Wahindi waliofukuzwa 1972 walipopewa siku 90 wawe wametoka, akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi London, na 1973 akatoa From Citizen to Refugee. Mmoja anaangalia kutoka mezani kwa serikali, mwingine anaangalia akiwa na begi mkononi. Soma ukijiuliza huyu alikuwa amesimama wapi, alikuwa anaona nini, na kipi asingependa tukione (waziri aliyekaa miaka kwenye serikali ile ana mambo yake ya kujieleza, lazima). Ukisoma hivo hata pale mtu anaporuka jambo unapashtukia.

Na kama unapita Kampala tafuta Birth of a Dream Weaver cha Ngũgĩ wa Thiong'o, cha 2016, anasimulia miaka yake ya Makerere, alivyoonyesha mchezo wake wa kuigiza pale National Theatre Novemba 1962 wakati Uganda ndo imepata uhuru mwezi uliopita, na ule mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka huo huo alipompa Chinua Achebe muswada wake ausome. Mi nilikuwa napita mbele ya lile jumba la National Theatre miaka yote kama napita mbele ya benki, baada ya hicho kitabu nilisimama pale kwenye geti kama dakika kumi naliangalia.

Kampala: Vitabu ni bei, na mshahara wangu unaisha kwa kodi na chakula. Natumiwaga pidiefu za bure kwenye simu, nizisome tu?

Zile ambazo mwandishi mwenyewe au mchapishaji ameziweka bure soma bila wasiwasi. Hadithi za watoto ziko nyingi sana African Storybook, za Kiswahili, Luganda, Kiacholi na lugha zingine, unapakua na kuchapa bila kulipa. Lakini kitabu cha mwandishi aliye hai, tena wa kwetu, mtu amekipiga picha kurasa zote anakirusha kwenye magrupu, hapo mi nakuomba usikipeleke mbele. Mwandishi wa Uganda akiuza nakala mia tano anashangilia, na sisi tukimrusha bure atarudi kufundisha tu, kitabu cha pili hatutakiona.

Maktaba ya Taifa iko Buganda Road, nenda uulize utaratibu wa kusoma pale. Vile vitabu vinavyopangwa chini kando ya barabara mjini, fika asubuhi kabla havijachaguliwa, na usiangalie jalada, fungua ukurasa wa kwanza usome ukiwa umesimama. Halafu tafuteni watu watano kazini kila mmoja anunue kimoja mzungushane, hapo kila mtu amesoma vitano kwa pesa ya kimoja. Andikeni majina kwenye daftari, nani amechukua kipi na lini, la sivyo mtagombana.

Bombo: Mimi ni polisi mstaafu, nasoma upelelezi tu. Kijana wangu kaniletea riwaya inaitwa Kintu, nimefika ukurasa wa 40 watu ni wengi majina ni mengi, nimechoka. Niiache?

Mzee wangu, kuacha kitabu si dhambi, mi naachaga vingi tu. Lakini hicho usikiache bado. Wewe ulikuwa polisi, kisome kama jalada la kesi. Jennifer Nansubuga Makumbi anaturudisha mwaka 1750, mkuu mmoja wa Buddu yuko safarini kwenda kwa kabaka, yaani mfalme wa Buganda, linatokea tukio, laana inaingia ukoo, halafu tunarushwa mpaka miaka yetu hii kuwaona wajukuu wametawanyika kila mmoja na matatizo yake hajui yametoka wapi. Chukua karatasi uandike majina na nani ni wa nani, kama ulivyokuwa unafanya kazini. Ukifika ukurasa wa 100 bado hakijakushika, mrudishie kijana.

Na kama Bwana Msa bado hujakutana naye nakuonea wivu, maana unaye mbele yako. Ni mpelelezi wa Unguja wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960. Kiswahili chake peke yake kinatosha kukufanya usome taratibu.

Arua: Mama yangu hajui kusoma na macho yamepungua. Anapenda hadithi, nimsomee kitabu gani?

Msomee Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Alikitunga kwa Kiacholi, Kiingereza chake kikatoka 1966, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Ni mwanamke wa kijijini analalamika juu ya mumewe aliyesoma, Ocol, anayemdharau yeye, chakula chake, ngoma zao, na kumfuata Clementina anayejipaka poda. Ni ushairi ila wala hutasikia kama ushairi wa darasani, ni mtu anaongea. Kuna mama mmoja alikuja kuchaji simu dukani kwangu, nikawa namsomea mteja mwingine kidogo, yule mama akaweka mfuko wake wa mihogo chini akasema rudia hapo pa poda. Nikarudia. Simu ikajaa na hajaondoka, anamjibu Lawino kama wako jikoni pamoja, "eeh, mwambie!"

Na kama mamako anasikia Kiacholi tafuta kile chenyewe cha Kiacholi kwanza. Soma polepole, kila akicheka au akibisha simama umwache aseme yake kwanza, na usimalize sura kwa haraka. Akisinzia weka kijiti cha kiberiti kwenye ukurasa mtaendelea kesho.