Ukiambiwa "hakuna bajeti"

Ninyi mnaoanza kazi ya kutetea haki za kiuchumi na kijamii hapa Kenya, jibu mtakalolisikia kuliko yote ni "hakuna bajeti". Msiondoke ofisini na hilo tu. Kifungu cha 20(5) cha Katiba ya 2010 kinasema serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki za kifungu cha 43 (afya, makao, chakula, maji, elimu na hifadhi ya jamii), ni juu yake kuthibitisha. Mama aliyekosa dawa zahanati hana mzigo huo.

Wengi hutoka chuoni wakiwa wamekariri "hatua kwa hatua", yaani haki hizi hutimizwa kidogo kidogo kadiri ya uwezo wa nchi. Ni kweli, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1972, unaruhusu mwendo huo. Ila mwaka 1990 kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilieleza, katika Maoni ya Jumla Na. 3, kwamba kuna kiwango cha chini ambacho kila nchi inawajibika kukifikia: chakula cha lazima, huduma za msingi za afya, mahali pa kujisitiri, elimu ya msingi kabisa. Ikishindwa, ionyeshe kwamba ilitumia kila ilichonacho na kwamba hayo iliyatanguliza.

Msitarajie kila jaji akubaliane na kipimo hicho. Katika kesi ya Grootboom, ya watu wasio na makao, mwaka 2000, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini haikukitumia. Iliuliza kama mpango wa serikali ulikuwa wa busara. Kwa maoni yangu swali hilo humwacha maskini akingoja mno, lakini andaeni hoja za pande zote mbili.

Halafu kuna wajibu usiongoja hela. Kutobagua ni wajibu wa tangu siku ya kwanza. Kutowabomolea watu bila kufuata sheria ni hivyo hivyo. Someni kesi ya Mitu-Bell, yote, hata kurasa zinazochosha. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, walipewa notisi ya siku 7 gazetini, na Novemba 2011 nyumba zikabomolewa ilhali kulikuwa na amri ya mahakama ya kuzuia. Walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufaa, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikawapa haki: ikasema majaji wanaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Karibu miaka kumi. Mweleze mteja hilo mapema, kabla hajaweka sahihi.

Kazi yenyewe hasa ni makaratasi. Chukueni ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi inayofuatilia matumizi ya fedha za umma, mwangalie kaunti ilitengewa nini na ilitumia nini. Mara nyingine fedha za maendeleo zilikuwepo, hazikutumika. Msipopata mnachotaka, andikeni barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu uko hatarini. Ombeni hati kwa jina na mwaka wake wa fedha, kwa sababu barua ya jumla hujibiwa kwa jumla. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Siku hizo zikipita kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo, na ile nakala yenye muhuri iambatanishwe.