Injini ya Corolla ya 1994 inayomisi

Ndugu yangu, kwa kuwa Corolla yako ya 1994 yenye injini ya 5A-FE inamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta ipasavyo, na inatetemeka ikiwa imesimama, nakusihi usinunue pampu ya mafuta uliyoshauriwa kabla ya kuitambua silinda yenye hitilafu. Injini ikiunguruma taratibu, chomoa soketi ya umeme ya nozeli (kifaa kinachonyunyizia silinda mafuta), moja baada ya nyingine. Ile isiyobadilisha mngurumo ndiyo ya silinda unayoitafuta. Kisha zima injini, iache ipoe, utoe plagi yake. Ukikuta oili tunduni, jambo la kawaida mipira ya kifuniko cha valvu inapochakaa, badilisha mipira hiyo, plagi na waya wake. Tundu likiwa kavu, hamishia plagi silinda nyingine. Hitilafu isipohama nayo, pima mgandamizo, yaani shinikizo la ndani ya silinda ile ya kwanza.