Mzigo kwenye buti na umeme wa tundu la kiberiti: niliunguza plagi, fyuzi ikabaki nzima

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza mzigo utaufungaje nyuma ya gari lenye siti za kulaza, pili kama unaweza kuchomeka friji ndogo na laptop kwenye tundu la umeme la kwenye buti, lile la kiberiti cha sigara, safari nzima, hata usiku mkilala. Halafu kuna mchangiaji hapo juu amekushauri kwamba fyuzi ikikusumbua utoe ya ampea 15 uweke ya ampea 30. Naanza na yeye, samahani sana, maana ushauri wake ndio utakaokuunguzia gari.

Fyuzi imewekwa pale kwa ajili ya waya. Friji yako haiijui wala haiijali. Waya unaotoka kwenye boksi la fyuzi mpaka kwenye buti kiwanda kimeuchagua unene wake kwa kiasi fulani cha umeme, na fyuzi imechaguliwa ikatike kabla waya haujapata moto. Ukiweka ya 30, ile ya kijani, mahali pa ya 15, ile ya bluu, sasa kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, nao umepita chini ya zulia, ndani ya plastiki za pembeni, sehemu ambazo moto ukianza huuoni mpaka moshi utoke. Wanaofunga karatasi ya foili kwenye fyuzi iliyoungua ni ndugu zake huyo. Fyuzi ikikatika mara mbili kwa kifaa kilekile, kifaa hicho hakifai kwenye tundu hilo, au kuna shoti mahali. Tafuta, usikuze fyuzi.

Hesabu yake ni ya darasa la saba: volti 12 mara ampea unapata wati. Tundu lililoandikwa 120W ni la ampea 10, la 180W ni la ampea 15. Angalia kifuniko chake au plastiki iliyo pembeni, mara nyingi imeandikwa. Na uangalie mchoro wa kwenye boksi la fyuzi, kwa sababu magari mengi tundu la mbele na la nyuma yanakula fyuzi moja. Hapo mtu anachomeka pampu ya upepo nyuma huku mbele kuna chaja ya laptop, kisha anashangaa vyote vimezima pamoja.

Sasa kisa changu, kwa sababu mimi fyuzi haikuungua hata mara moja.

Nilikuwa na friji ndogo ya kuchomeka, ile ya ampea kama 4 hivi, kwenye tundu lenye fyuzi ya 15. Kwa hesabu niko salama mno. Nimepakia buti mpaka juu, sanduku la zana nimelisukumia pembeni karibu na tundu kwa kuwa ndipo palipobaki nafasi. Sikulifunga. Nilijiambia ni zito, litakwenda wapi. Usiku, baada ya kipande kirefu cha barabara yenye matuta, nikaanza kusikia harufu kama ya kitana kinachoungua. Nikadhani ni lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kona likaondoka, harufu ikabaki.

Nilipofungua buti, sanduku lilikuwa limesogea kidogo, upana wa vidole vinne tu, likaegemea kichwa cha plagi. Plagi imepinda, nusu imetoka. Nilipoivuta ikagoma, ilikuwa imenata. Ilipochomoka, ile ncha ya mbele yenye spiringi imekuwa nyeusi, na plastiki inayoizunguka imelainika mpaka imechukua umbo la tundu. Taa ya friji bado inawaka. Nikakagua fyuzi: nzima kabisa.

Na haikupaswa kukatika. Fyuzi inahesabu umeme unaopita, haijui mguso wa plagi ukoje. Plagi ya tundu la kiberiti ina mguso mbaya tangu mwanzo, kwa sababu tundu lenyewe lilibuniwa kwa ajili ya kuwashia sigara, kitu cha kubonyeza sekunde chache kisha kuchomoa. Ncha ya katikati ni chanya, inasukumwa na spiringi. Vile vibati vya pembeni ni hasi. Ikilegea kidogo, pale inapogusa panapata ukinzani, yaani umeme unapita kwa shida na kugeuka joto. Chukua nusu omu tu, omu ndiyo kipimo cha ukinzani: ampea 4 mara 4 mara nusu ni wati 8. Ni ndogo ukiisikia, lakini chuma kidogo cha fundi redio cha kulehemu waya ni wati 15 mpaka 25. Wati 8 zikikusanyika muda wa saa tatu kwenye ncha ndogo kuliko kifungo cha shati, ndani ya plastiki, chini ya mizigo isiyopitisha hewa, matokeo yake ndiyo hayo niliyoyaona.

Tangu siku hiyo kufunga mzigo na kuchomeka umeme nayaona kuwa swali moja. Kwa hiyo kabla ya friji, tufunge mzigo.

Watu wanaamini uzito unashikilia kitu mahali pake. Kwenye kona na matuta madogo unasaidia kiasi. Kwenye kishindo ni kinyume. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likagonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinahitaji kuzuiwa kwa nguvu kama mara 20 ya uzito wake. Sanduku langu la kilo 20 hapo linasukuma mgongo wa siti kama kilo 400 hivi. Kwenye kilomita 100 nishati yake ni mara nne ya hiyo. Na mbele ya siti hiyo kuna mtu, mara nyingi mtoto.

Kwa hiyo kizito kikae sakafuni, kimegusana kabisa na mgongo wa siti ya nyuma. Kusiwe na nafasi katikati, maana nafasi ndiyo inayokipa kitu mwendo kabla hakijagonga. Vyepesi vije nyuma yake na juu yake, na visipite urefu wa mgongo wa siti. Lile pazia au ubao wa kufunika buti unakuzuia kuona tu, hauzuii kitu. Ukiona mtu ameweka kompyuta juu yake, mwambie. Baada ya kupakia, vuta mgongo wa siti kwa nguvu uhakikishe umejifunga. Magari mengi yana alama nyekundu kwenye kitasa inayoonekana kama haujajifunga vizuri, na mkanda wa siti ukinaswa pale hutajua mpaka siku ya breki. Kama hakuna mtu nyuma, funga mikanda ya siti za nyuma, wa kulia kwenye kufuli la kushoto na wa kushoto kwenye la kulia, ipitane mbele ya migongo. Inasaidia migongo kuhimili msukumo.

Wewe umesema utalaza siti moja. Basi kile kirefu kikae upande huo, ncha yake iguse mgongo wa siti ya mbele ya abiria, na usimkalishe mtu pale mbele kama una njia nyingine.

Kufunga: tafuta zile pete za chuma kwenye pembe za sakafu ya buti, mara nyingi nne, wakati mwingine zimefichwa chini ya zulia au zimelala kwenye vishimo vyake. Hizo ndizo za kufungia. Kile kindoano cha plastiki cha pembeni ni cha kuning'inizia mfuko wa kilo chache. Nilikifungia mkanda mwaka fulani, kikang'oka na kipande cha plastiki ya gari, nikajifunza kwa pesa. Tumia mikanda ya turubai yenye chuma cha meno cha kukazia, ipite juu ya mzigo kwa kupishana kama herufi X. Kamba za mpira zenye ndoano mbili ziache kwa mablanketi. Mpira unavutika, na kazi ya mkanda ni kutovutika. Tena ile ndoano ikichomoka inarudi kwa kasi usoni, watu wamepoteza jicho kwa vitu hivyo.

Usikaze mpaka maboksi yabonyee. Kaza, sukuma mzigo kwa mkono, usipocheza imetosha. Halafu simama baada ya kilomita 20 au 30 za mwanzo ukague. Mzigo hujipanga wenyewe kwa mtikisiko, mkanda uliokuwa kama gitaa unaukuta umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Hapa ndipo wengi tunakosea: tunafunga vizuri nyumbani, kisha hatuangalii tena mpaka tufike.

Mengine kwa haraka. Upepo wa tairi kwa gari lililojaa una kipimo chake, kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au kifuniko cha tenki. Buti likijaa, taa za mbele zinaangalia juu na kuwapofusha wenzako. Kama una kile kigurudumu chenye namba 0 mpaka 3 karibu na usukani, kizungushe kuelekea namba kubwa, taa zishuke. Chupa ya maji isikae sakafuni kwa dereva, ikiingia chini ya pedali ya breki hutabishana nayo. Dumu la petroli lisikae ndani na watu, na likijazwa liwekwe chini ardhini, lisijazwe likiwa ndani ya buti.

Turudi kwenye umeme. Mzigo ukishafungwa, acha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka tundu. Mimi naweka kreti tupu la plastiki, nalo nalifunga, likae kama ukuta kati ya plagi na mzigo. Ndani yake naweka vitu laini tu. Waya wa friji naufunga kwa kamba kwenye ile pete ya chuma, karibu na tundu, nikiacha ulegevu kidogo. Kitu kikiuvuta waya, kinavuta pete, plagi haisikii. Waya usipite kwenye reli ya siti, siti ikisogezwa inaukata kama mkasi, na usipite chini ya chuma cha mkanda.

Ukishatembea nusu saa, simama uishike plagi. Ikiwa na joto kidogo ni kawaida. Ukishindwa kuikamata kwa kuhesabu mpaka kumi, ichomoe, imelegea au imechoka. Plagi hizi hazidumu milele. Spiringi ikishakuwa butu badilisha.

Laptop usiipitishie kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kama kuna njia nyingine. Tafuta chaja ya gari inayotoa umeme wa laptop moja kwa moja. Ya wati 65 itavuta ampea kama 6. Jumlisha na friji ampea 4, umefika 10. Kama tundu ni la ampea 10 umeshafika ukingoni, na vile vigawanyio vya matundu matatu haviongezi umeme, vinaongeza migusano tu ya kulegea. Chomeka laptop mbele, friji nyuma, kama mchoro unaonyesha kila tundu lina fyuzi yake. Kama ni fyuzi moja, zipeane zamu.

Inveta ya wati 300 kwenye tundu la kiberiti ni kujidanganya. Ikitoa wati 300 inahitaji zaidi ya ampea 25 kutoka kwenye betri. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na waya wake mnene kutoka betri, na fyuzi yake karibu na betri yenyewe. Na popote ilipo, usiizike kwenye nguo, ile feni yake haikuwekwa kwa urembo.

Umeuliza pia kama unaweza kuiacha friji ikifanya kazi usiku mkilala. Kwanza jua kama tundu lako linakatika ukitoa funguo. Chomeka chaja yenye kitaa, zima gari, funga milango, subiri dakika kadhaa, kwa kuwa mengine yanachelewa kukata. Kama halikatiki, piga hesabu: ampea 4 kwa saa 8 ni ampea-saa 32. Betri ya gari dogo ni kama 45 mpaka 60, na imetengenezwa kupiga stata, haikutengenezwa kunyonywa polepole mpaka chini. Ikiwa imejaa inasoma kama volti 12.6 gari likiwa limezimwa, ikifika 12.2 imebaki nusu, na asubuhi ya baridi nusu hiyo inaweza isitoshe. Friji za kompresa zinapumzika kila zikipoa, hizo zina unafuu. Zile za bei rahisi zisizo na kompresa hazipumziki kabisa. Mimi usiku naichomoa na siifungui mpaka asubuhi.

Asubuhi washa injini kwanza, kisha chomeka. Na tundu lisilo na plagi lifunike. Sarafu iliniangukia mle ndani mara moja, cheche, fyuzi ya bluu ikakatika hapohapo. Nikafurahi kuiona imekufa.

Kabla hujaondoka tuma hapa picha ya buti likiwa wazi limepakiwa, na ya maandishi ya kwenye tundu, na ya mchoro wa boksi la fyuzi. Nitaziangalia jioni nikitoka kazini.